Mkaguzi kaniachia notisi ya siku 30, na mafundi wangu nawapa maziwa kila wiki. Nimekosea wapi?

"Habari mtaalamu. Nina karakana ya kukata granaiti na marumaru hapa Dodoma, upande wa Kizota. Tunatengeneza kaunta za jikoni, ngazi na mawe ya makaburi. Nina vijana tisa, wawili tu ndo nawalipa kwa mwezi, saba ni vibarua nalipa kwa kazi. Wiki iliyopita kaja mkaguzi wa OSHA, wale wa usalama na afya kazini, kaniachia notisi, ndani ya siku 30 niwe nimesajili eneo, nimepima afya za wafanyakazi, nimedhibiti vumbi na nionyeshe usajili wa WCF, ule mfuko wa fidia. Mimi sio kiwanda, ni bati na nguzo tu! Barakoa nimewanunulia, maziwa nawapa Jumatano na Jumamosi, na kila mmoja kasaini karatasi kwamba akiumia ni juu yake. Kuna jamaa anasema nimpe laki tatu anamalizana nao. Jirani naye analalamika tope jeupe linaingia kwake. Ukiniambia tukate kwa maji, maji ya Dodoma unayajua mwenyewe. Na kuna fundi wangu wa miaka mingi anakohoa tangu mwezi wa nne, anatibiwa inaisha inarudi. Niambie ukweli, nafunga au naendelea?"

Kaka, pole na hongera kwa pamoja. Pole ya notisi, hongera kwa kuuliza kabla hujatoa hiyo laki tatu. Ila nianze na huyo fundi maana mambo mengine yote umepewa siku 30, yeye hana hizo siku. Kikohozi kikizidi wiki mbili mtu apimwe kifua kikuu, hilo hata zahanati ya mtaani watakuambia, lakini mtu aliyekata granaiti miaka mingi ana sababu ya pili ya kukohoa, vumbi la mawe, na hizi mbili hupenda kutembea pamoja. Mtoe kwenye vumbi leo. Mpe kazi ya kwenda kupima vipimo kwa wateja au kupokea oda, malipo yaleyale asije akaona anaadhibiwa akaanza kuficha. Nitarudi kwake mwishoni.

Kufunga hufungi. Ulichoachiwa ni notisi ya maboresho, maana yake rekebisha huku unafanya kazi. Iko nyingine ya kusimamisha, ile mkaguzi anaitoa akiona hatari haisubiri, na ukikaa siku 30 bila kugusa kitu usishangae ya pili ikija. Kama unaona muda hautoshi kwa jambo moja, tuseme mashine ya maji umeagiza haijafika, waandikie kabla siku hazijaisha, ambatanisha risiti na picha za ulichofanya. Wakaguzi nao ni watu, mtu aliyemaliza mambo matatu kati ya manne anaongeleka.

Sasa hili la "mimi sio kiwanda". Nalisikia kila wiki na naelewa linakotoka. Sheria ya zamani, ile ya mwaka 1950, ilikuwa ya viwanda kweli, na wazee wengi wa biashara wamekua nayo kichwani. Ilifutwa. Iliyopo ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 na yenyewe inazungumzia mahali pa kazi, basi. Bati na nguzo ni mahali pa kazi, saluni ni mahali pa kazi, shamba la zabibu kule Hombolo ni mahali pa kazi. Na usajili wenyewe watu wanauogopa bure, unafanyika mtandaoni kwenye mfumo wa OSHA unaoitwa WIMS, na ada ya usajili ilishafutwa kwenye yale maboresho ya kuondoa tozo kero. Utakacholipia ni huduma kama vipimo vya afya na mafunzo.

Vibarua nao. Hapa wengi ndo wanapoteleza, wanadhani kibarua ni mpita njia. Kwa sheria ya OSHA mfanyakazi ni pamoja na yule anayefanya kazi chini ya maelekezo yako, mkataba uwepo usiwepo. Na ukienda kwenye Sheria ya Taasisi za Kazi kuna kipimo kizuri tu: mtu akiwa amekufanyia kazi wastani wa masaa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, au unampangia muda wa kazi, au vifaa anavyotumia ni vyako, anachukuliwa ni mfanyakazi mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Masaa 45 kwa mwezi ni siku tano sita za kazi, kaka! Hao saba wako wanamaliza hiyo ndani ya wiki moja. Una wafanyakazi tisa.

Ile karatasi ya "akiumia ni juu yake" itoe kwenye faili. Haikulindi. Wajibu wako umewekwa na sheria na mfanyakazi hana uwezo wa kukusamehe kwa kusaini, na tena siku ya kesi hiyo karatasi itasomwa kinyume chako, kwamba huyu bwana alijua kazi yake inaumiza, akakaa chini akaichapa, akasainisha watu, badala ya kununua pampu.

WCF nitapita haraka maana ndo rahisi kuliko yote. Ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulianza mwaka 2015, na mchango wa mwajiri binafsi ambao zamani ulikuwa asilimia 1 sasa ni asilimia 0.5 ya malipo yote ya wafanyakazi. Tuseme wote tisa kwa mwezi unawalipa jumla shilingi 3,000,000, mchango wako ni shilingi 15,000. Hela ya soda na chapati za wiki. Hiyo unalipa wewe, usimkate mfanyakazi hata mia. Mtu akikatwa kidole au akibainika na ugonjwa uliotokana na kazi, toa taarifa kwao ndani ya siku saba tangu ujue, na madai yenyewe yasipite miezi 12. Mfuko unagharamia matibabu na kulipa sehemu ya kipato akiwa hawezi kufanya kazi. Bila usajili, mzigo huo na maswali yake yote vinakuja mlangoni kwako.

Haya, vumbi. Hapa nakaa kidogo maana kwenye karakana yako kila kitu kinaanzia hapa.

Maziwa kwanza. Sijui nani alitufundisha hili, ila nimelikuta kwa wachomeleaji, kwa wapaka rangi, kwa wasaga mawe, kila mahali. Chakula kina njia yake na hewa ina njia yake. Maziwa ukinywa yanakwenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu, na siku yakikosea njia yakaenda huko unapaliwa unakohoa mpaka machozi. Hayaoshi kitu. Waendelee kunywa, ni chakula kizuri na vijana wanakipenda, ila usiyaweke kwenye hesabu ya usalama. Shida yake kubwa ni kwamba yanampa mtu moyo, anaona ameshajikinga anaendelea kukata akiwa amezungukwa na wingu jeupe.

Granaiti ina madini yanayoitwa silika. Kwa kawaida ni kama robo ya jiwe, mengine yanakaribia nusu. Marumaru halisi, jiwe lenyewe la asili, ina kidogo sana. Halafu kuna hizi slabu mpya za kutengenezwa kiwandani, zinazouzwa kwa jina la kwatsi, nyeupe zinang'aa hazina doa, wateja wa nyumba mpya wanazipenda: nyingi zake ni silika zaidi ya asilimia 90. Australia vijana wao waliumwa kwa wingi mpaka wakapiga marufuku hizo slabu kuanzia Julai 2024. Kama hujaanza kuzikata, mimi ningekushauri usianze mpaka karakana ikae sawa.

Vumbi unaloliona likitua kwenye nyusi za fundi sio baya zaidi, hilo pua na koo vinalinasa. Baya ni lile usiloliona. Unywele wa kichwa una upana wa mikroni kama 70 (mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu), chembe zinazofika mwisho kabisa wa mapafu ziko chini ya mikroni tano. Zikifika kule seli walinzi wa mwili zinazimeza, ndo kazi yao, ila silika haiyeyuki. Seli inakufa, chembe inatoka, inakuja seli nyingine inaimeza, inakufa nayo, na kila raundi panabaki kovu dogo. Miaka inapita hivyo, mtu hajui, anabeba slabu kama kawaida. Baadaye ndo anaanza kuhema akipanda ngazi. Ugonjwa huu unaitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuondoa, na unaweza kuendelea hata mtu akiacha kazi. Juu yake hao walinzi wakishakufa kufa hivyo kifua kikuu kinapata mlango wazi, ndo maana fundi wa mawe akiwa na TB na asipotolewa kwenye vumbi, unaweza kumtibu mara tatu na bado ikarudi.

Najua utaniambia sisi tumezaliwa kwenye vumbi, Dodoma upepo ukivuma Agosti ni vumbi mpaka kwenye sufuria ya ugali. Ni kweli, ila vumbi la barabarani chembe zake nyingi ni kubwa na kingo zake zimeshasagika kwa muda. La diski ya grenda limevunjwa sasa hivi, sura zake ni mbichi na kali, na linatoka sentimita 40 kutoka kwenye pua ya mtu kwa masaa nane.

Kuna jaribio nataka ufanye leo jioni, halina gharama. Niliwahi kulifanya kwenye karakana moja ambayo bosi wake aliniapia kwamba vumbi limeisha, wameshafagia, wamepumzika nusu saa. Tukashusha maturubai, tukazima taa, nikawasha tochi ya simu nikaielekeza juu kidogo nikasimama pembeni ya mwanga. Yule bosi alinyamaza. Hewa nzima ilikuwa inameremeta kama kuna samaki wadogo wanaogelea, na chini ya hilo wingu meza ya chai, birika liko wazi. Waite vijana wako waone, hiyo inafundisha kuliko mabango yangu.

Dawa yake ni maji kwenye diski. Sheria na taaluma vinakubaliana hapa, unaanza kuizuia hatari inapozaliwa, kifaa cha kuvaa ni cha mwisho. Na maji ya Dodoma nayajua, nakaa hukuhuku, mgao naujua na bei ya boza naijua. Ndo maana hatusemi maji yatoke bombani yaende mtaroni. Chimba mashimo mawili yaliyosakafiwa yanayofuatana: tope linaingia la kwanza linatuama, maji ya juu yanafurika kwenda la pili, pampu ndogo inayarudisha kwenye simtanki iliyoinuliwa, yanashuka tena kwenye mashine. Unaongeza tu yale yaliyopotea. Mashine kubwa ya kukatia slabu iwe ya maji bila mjadala. Kwenye kukata kona na kupiga polishi ndo penye kazi, maana vijana wengi wanatoboa kifuniko cha chupa wanamwagia grenda ya kawaida ya umeme, hapo umemtoa mtu kwenye vumbi umemuweka kwenye shoti. Tafuta zile za upepo zinazotumia kompresa au zilizotengenezwa kwa kazi ya maji, na fundi umeme aliyesajiliwa akufungie breka inayokata umeme ukivuja. Hili usimpe fundi wa kuungaunga.

Kompresa ikija, weka sheria moja: hakuna kujipuliza nayo nguo. Kila karakana ya mawe ninayoingia saa kumi na moja jioni nakuta vijana wamepanga foleni wanapulizana kama wanaoshana, wanacheka, na vumbi lote la siku linarudi hewani kwa dakika tano. Kufagia kikavu nako kuishe, mwaga maji kwanza. Na nguo za kazi zibaki kazini zifuliwe hapo, kijana asimpelekee mtoto wake vumbi begani.

Hilo tope jeupe la jirani lina silika hiyohiyo ikiwa na maji. Likikauka uani kwake, upepo ukapita, limekuwa vumbi tena. Kwa hiyo jirani hana gubu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama na jirani anaweza kukufikisha kwa watu wa mazingira, NEMC, au hapohapo halmashauri. Mashimo yako mawili yatamaliza kesi hiyo pia: tope likijaa lichote likiwa bichi, tia kwenye viroba, uliza jiji wakuonyeshe pa kupeleka, usimwage korongoni. Nenda kwa jirani wewe mwenyewe kabla hajaenda kwa mjumbe, mwonyeshe unapochimba. Na ukifikiria kuhamia eneo jipya kama Nala, pita NEMC kanda ya kati kabla hujajenga uulize mradi wako unaangukia kundi gani, kurekebisha ukishamwaga zege ni gharama.

Barakoa ulizonunua, kama ni za kitambaa au zile za bluu zilizobaki enzi za korona, hazizuii chembe hizi. Zinazofaa zimeandikwa N95 au FFP2, na zinafanya kazi zikigusana na ngozi pande zote, mwenye ndevu hewa inapita pembeni. Unazinunua wewe, huwakati. Masikio nayo usiyasahau, grenda inapita desibeli 85, kiwango ambacho kelele huanza kudhuru masikio, kirahisi sana.

Vipimo vya afya sheria inavitaka mtu anapoanza kazi na kila baada ya muda, na gharama ni ya mwajiri. Kwa kazi yako muhimu ni picha ya kifua, kipimo cha kupuliza pumzi na kipimo cha masikio. Vijana watakuogopa, watasema bosi anatafuta sababu ya kutupunguza, kwa hiyo waambie mapema kwamba majibu hayatumiki kufukuza mtu na kwamba UKIMWI haupimwi kwa lazima kazini, sheria ya 2008 imekataza. Fanya OSHA wenyewe au daktari aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo. Cheti cha "mzima" cha kununua dirishani hakikusaidii, mwaka wa tano ukidaiwa utataka kuonyesha huyu kijana aliingia kwako mapafu yakiwaje.

Makaratasi mengine sio magumu. Ukiwa na wafanyakazi zaidi ya wanne teua kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya, chagua anayesikilizwa na wenzie na sio mpwa wako. Andika tathmini ya vihatarishi, kurasa tatu zinatosha: mashine gani, inaumizaje, tumefanya nini, nani anasimamia. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na vitu ndani, mengi nayokuta yana mkasi na panado iliyokwisha muda. Kizima moto kikaguliwe.

Jamaa wa laki tatu achana naye. Notisi imeingia kwenye kumbukumbu za ofisi, yeye hana mkono wa kuifuta, na akikuletea cheti ni cha kutengeneza. Malipo halali ya serikali yana kontroo namba, ukiambiwa utume kwenye namba ya simu ya mtu ujue umeshapigwa. Hata mkaguzi mwenyewe ana kitambulisho, muombe akuonyeshe, hatanuna.

Mpangilio wangu ungekuwa hivi: leo fundi anatoka kwenye vumbi na kukata kikavu kunapungua mpaka zile kazi tu zisizoepukika, kwa barakoa sahihi na wengine wakiwa mbali. Wiki hii OSHA na WCF mtandaoni, ni kazi ya asubuhi mbili. Wiki ya pili mashimo, simtanki, pampu na umeme. Ya tatu vipimo vya afya. Ukiona hujui pa kuweka mashimo au hewa inapita vipi, ita mtaalamu aje aone, mimi kwa maandishi siwezi kuona paa lako.

Turudi kwa kaka anayekohoa. Akianza kukohoa damu, kuhema akiwa amekaa, kupungua mwili au kutoka jasho usiku, aende siku hiyohiyo. Vinginevyo aende wiki hii hospitali ya rufaa ya mkoa au Benjamin Mkapa, apimwe makohozi na picha ya kifua. Matibabu ya TB ni bure. Ikionekana ni mapafu ya vumbi, daktari anaweza kumuelekeza Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, wamebobea kwenye magonjwa haya. Tatizo ni kwamba foleni ni ndefu, daktari ana dakika chache, anaandika "kikohozi" anatoa antibayotiki, na wewe umesema tayari imeshatokea hivyo. Kwa hiyo mwandikie karatasi aingie nayo mkononi, kwa herufi kubwa: FUNDI WA KUKATA GRANAITI, BILA MAJI, MIAKA KADHAA. Weka idadi halisi ya miaka, na chini yake namba yako ya simu.